Deni za Leta: nani unalipa kwanza, na kwa njia gani? (tulinganishe na mifano ya apa Lubumbashi)

Mwezi wa kwanza mama mumoja mwenye anauzishaka simenti na misumari mu Katuba alikuya na sashe ya bleu yenye kuyala makaratasi, akaimwanga yote ku meza yangu, akaikala, akapanguza uso na kitambala, kisha akaniuliza: "Yaya, niko na franka milioni mbili na nusu, zaidi ya pale sina, uniambie nani namupa."

Mi kazi yangu ni kushikia batu badogo-badogo hesabu zabo, depo, salo ya nywele, karaji, farmasi, na ile ulizo ninaisikiaka karibu kila mwaka. Mu sashe mulikuwa AMR moja (karatasi ya kulipisha kodi) ya DGI, ofisi ya kodi ya Leta, ya 2.550.000, noti moja ya province ya 1.320.000 juu ya nyumba yenye anapangisha, faktire tatu za moto (umeme) zenye kufika 420.000, na konvokasyo (barua ya kukuita) ya ofisi moja yenye ilikuwa inalomba 300.000. Jumla 4.590.000. Na yeye eko na 2.500.000. Haienei, ata uhesabie chini-juu.

Unajua alikuwa anataka kulipa gani kwanza? Ile konvokasyo. Juu gani? Juu agent wake alipita ku depo mara tatu, alisema kwa nguvu mbele ya bakliya, majirani bakasikia, haya ikamushika. AMR ya DGI ilikuwa chini kabisa ya sashe, ingali ndani ya ambelopu yake, alikuwa hajaisoma ata mara moja.

Njo maana nikasema niandike hii kitu. Apa kwetu tunalipaka mwenye kupiga kelele. Lakini mwenye kupiga kelele na mwenye anaweza kufunga konti yako ku banki, mara mingi si mutu mumoja. Kama makuta haienei bote, usipange madeni kwa ukubwa, usipange kwa haya, uipange kwa silaha: huyu nikikosa kumulipa anaweza kunifanya nini, mu siku ngapi, na atanipitia mimi mwenyewe ao atapitia mutu mwengine nyuma ya mugongo yangu?

DGI: karatasi yenye haina kelele

DGI njo yenye inachukua kodi za Leta ya katikati, TVA ya 16% (ilianza mwezi wa kwanza 2012), kodi ya mishahara, kodi ya faida. Kwa batu kama huyu mama kulikuya ile rejime ya badogo ya 2013: ukiuzisha chini ya milioni 10 kwa mwaka ulikuwa unalipa 50.000 basi, ukiwa kati ya milioni 10 na milioni 80 ulikuwa unalipa 1% ya mauzo kama unauzisha bitu, ao 2% kama unauzisha kazi, kama vile salo ao karaji. Kusema kweli si mingi. Yeye anauzishaka karibu milioni 70, ni kusema 700.000 kwa mwaka, akanyamaza miaka mbili, njo inafanya 1.400.000. Na ile 1.150.000 ingine? Penalite tupu. Ukikosa kudeklare, beko na haki ya kukukadiria benyewe, njo ile banaita taksasyo dofisi (bahati yake kadirio ilianguka karibu na kweli, nilisha kuona ingine mara tatu ya kweli), kisha juu yake riba ya kuchelewa inaongezeka mwezi kwa mwezi.

Sasa silaha. Sheria yenye inaongoza mambo yote ya kulipisha kodi ni namba 004/2003 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2003, na kitu ya kwanza ya kujua ni kwamba DGI haina lazima ya kwenda kukushitaki kortini kwanza. Jirani yako mwenye anakudai lazima atafute juge. DGI apana. Risevere ya kodi eko na kalamu yenye inafanya kazi ya juge: unapata AMR, ni kusema deni yako imeandikwa na inalipishwa, ukinyamaza anatosha kontrenti (amri yake ya kulipisha kwa nguvu), inakuya na komandema ya kulipa mu siku kidogo (siku, si miezi), ukinyamaza tena, wisiye, mutu wa kukamata bitu, anakuya kuandika bitu vyako kimoja-kimoja, na bitauzishwa mbele ya watu.

Lakini mi ile sezi (kukamatwa kwa bitu) haikuwaka inaniogopesha sana, juu inaonekana, inakuya na muguu, unaweza kuiona ku mwisho wa barabara. Yenye inaniogopesha ni ATD. Hii ni karatasi yenye haikuje kwako. Banaiandikia mutu mwenye kushika makuta yako: banki, ao kliya mwenye hajamaliza kukulipa, ao mupangaji. Inamwambia: ile makuta yenye huyu mama anakudai, usimupe yeye, lete kwetu. Na kama ule mutu anaipuuza, deni inaweza kumugeukia yeye, so hatakuficha, ata mukiwa marafiki. Kijana mumoja wa karaji, mi njo nilikuwa ninashika kitabu yake, alienda banki siku ya kulipa batumishi na gishe ikamwambia konti imefungwa juu ya deni ya ofisi moja ya Leta. Karatasi zote za mbele zilikuwa zimefika ku adresi ya zamani, kule alitoka bila kujulisha mutu. Batumishi saba, wikendi ya mwisho ya mwezi. Nitakuambia tu hivi: ukihama, badilisha adresi yako ku santre ya kodi mbele ya kubeba fotee.

Kisha kuko sele. Banafunga mulango wa depo na kubandika karatasi yenye kashe. Kuibandula mwenyewe ni kosa ya jinai, unatoka mu deni unaingia mu parke, ofisi ya kushitaki. Na tofauti na ATD, sele inakuua kila siku: konti ikifungwa bado unauzisha kash, mulango ukifungwa hauuzishe kitu, na simenti inaganda ndani.

Province: ile ya nyumba na ya motokari

Batu mingi banachanganya hii na DGI na banaenda ku gishe yenye haibahusu. Konstitisyo ya 2006, artikle 204, iliweka kodi ya udongo, kodi ya loyer (makuta ya kupangisha nyumba) na kodi ya motokari mu mikono ya ma province. Apa kwetu ni DRHKAT, ofisi ya kodi ya province ya Haut-Katanga, ile ilitoka mu tumbo ya ofisi ya Katanga ya zamani wakati Katanga ilikatwa mine mu 2015. Ndugu zetu ba Goma na Bukavu beko na ofisi zabo zenye majina ingine, lakini kodi ni ile-ile tatu.

Silaha ya province inategemea kodi gani. Ya motokari banakusanyaka barabarani, hakuna barua, unasimamishwa tu, huna vinyeti (karatasi ya kuonyesha ulilipa), motokari inaweza kulala furiere, fasi ya kufungia motokari. Hii deni njo rahisi kuelewa na ngumu kukimbia, ulipe mbele. Ya loyer iko na kitu moja yenye benye nyumba habaijui, na hii ningependa uisome polepole: kama mupangaji wako ni kampuni ao shirika, yeye njo anapashwa kukata kodi ku loyer na kuipeleka. Kwa ile sheria ya zamani ya 1969, vile ilirekebishwa, tao (asilimia ya kodi) ni 22% na mupangaji anakata 20%, mwenye nyumba anamalizia 2%. (Edi, ni kusema sheria za province, zinaweza kugusa tao, so angalia ya mwaka wako mbele ya kubishana.)

Angalia sasa mama yetu. Anapangisha nyumba 500.000 kwa mwezi, 6.000.000 kwa mwaka, 22% yake ni 1.320.000, njo ile ya ku noti. Nikamuuliza mupangaji ni nani. Akasema ni kampuni. Nikamuuliza kama banamupaka 500.000 yote. Akacheka: "Apana, banakataka, banasema ni ya Leta." Ma preve (ushuhuda) ya kukata yalikuwa mulemule mu sashe, kumi na mbili, zimekunjwa pamoja na elastike, hakuipeleka ata siku moja. 1.200.000 ilisha lipwa! Yeye alikuwa na deni ya 120.000 tu. So ile noti yenye ilikuwa ya pili kwa ukubwa, dawa yake haikuwa makuta, ilikuwa barua na fotokopi.

DGRAD, CNSS, na doane, mbiombio

DGRAD iko tangu 1995, inakusanya bile vyote si kodi: taksi za ma minister, amande, otorizasyo, vitu vya udongo wa Leta. Sheria yake ya kulipisha ni ya mwezi wa pili 2013. Kitu ya kujua ni kwamba iko na mikono mbili: servisi moja inasema unadaiwa na inahesabu, kisha DGRAD inaandika noti ya persepsyo na unalipa banki. Kwa mwenye kudaiwa ile ni mazuri na mabaya. Mazuri, juu mutu mumoja peke yake hawezi kukutungia deni na kukulipisha ku mukono, lazima ipite ku mikono mbili na banki. Mabaya, juu kama hesabu iko na kosa, DGRAD itakutuma kule ilitoka, na kule batakurudisha, viatu vyako njo vitalipa. Ukiwa na bishano na DGRAD anza kule ilihesabiwa, usianze ku gishe ya mwisho.

CNSS, kesi ya pensyo ya batumishi, kama uko na batumishi: 18% ya mushahara, 13% yako na 5% yao. Kwa miye hii deni ninaiweka juu, si juu ya ukali wa ofisi, ni juu 5% haikuwaka makuta yako toka mwanzo, uliikata ku mushahara ya mutu, kuila ni kumuibia uzee yake ya kesho.

Doane (DGDA, ile tulikuwa tunaita OFIDA) haikuwaka na shida sana ya kulipisha, juu inashika muzigo. Uulize benye kushinda Kasumbalesa, ku mupaka na Zambia: hakuna kontrenti, hakuna barua, kuko paka lori yenye kusimama na siku zenye kuhesabiwa. Kati ya zote, njo ofisi yenye haikuombe uvumilivu wako.

Moto na maji

SNEL ya moto (1970) na REGIDESO ya maji (1939) ni za Leta lakini leo ni kampuni, so ukizidai ao zikikudai tuko mu biashara, si mu kodi. Habana AMR, habana risevere, kama banataka kukamata bitu vyako banapashwa kupita kortini kama kila mutu. Silaha yabo ni pensi (koleo). Kukata. Na kukata, kwa mutu wa frigo ao wa sude, inaweza kuuma mbio kuliko sele, juu haina mwendo murefu: asubuhi unakuwa na moto, saa nane hauna. Mama yetu anauzishaka maji baridi mbele ya depo, na kwake ile maji njo inalipa chakula ya nyumba. So 420.000 ya moto, ndogo ku karatasi, tuliipandisha juu sana.

Ku Amerika banafanya namna gani?

Niko na ndugu mu Texas, na kila nikimupigia juu ya ma kodi ananicheka kwamba kwabo hakuna kelele ku mulango. Ni kweli, lakini usizani ni huruma. Kule ukikosa kulipa deni ya serikali, kitu ya kwanza banafanya ni kukata ku makuta yenye bo benyewe balikuwa banakuya kukupa: kila mwaka batu mingi banarudishiwaka sehemu ya kodi, na ile kurudishiwa inamezwa na deni, ata kama deni ni ya ofisi ingine kabisa. Deni yenye si ya kodi ikipita siku 120 bila kulipwa, ofisi inapashwa kuipeleka ku hazina yabo, na hazina njo inatafuta. Banaweza pia kuandikia patro wako na kukata mpaka 15% ya mushahara yenye inabakia kisha makato ya sheria, bila juge, lakini lazima bakupe notisi ya siku 30 mbele, na uko na haki ya kusikilizwa. Ukiwa na deni kubwa sana ya kodi, ata pasiporti inaweza kukataliwa.

Ukiweka bile viwili pembeni-pembeni unaona kitu. Kule serikali inakata ku makuta yenye inapitia kwake, juu mingi inapitia kwake. Kwetu Leta haina cha kumurudishia mama wa simenti, so inakimbilia kwa mwenye kumulipa: banki, kliya, mupangaji. Njo maana ATD kwetu ni silaha ya kwanza, na njo maana kujificha na kufunga simu haisaidie, juu haikutafute weye.

Kitu ingine yenye ninaonea wivu: kule deni ya kodi iko na mwisho, miaka 10 tangu iandikwe (kuko mambo yenye inasimamisha hesabu, lakini iko), na ukiwa chini ya dola 50.000 unaweza kujilombea mwenyewe ku intaneti kulipa kidogo-kidogo. Ndugu yangu alifanya hivyo akiwa ku kanape. Apa lazima uvae suluali ya kupasi na uende kungojea ku kiti ya ofisi.

Sasa njia za kutoka: gani ya nani?

Kulipa yote mara moja. Kama makuta iko, na deni ni ya kweli, fanya hivyo, juu riba ya mwezi kwa mwezi haitakuacha ulale. Lakini banki. Ku banki, na bordero (karatasi ya banki ya kuonyesha ulilipa), na jina ya kodi na mwaka vimeandikwa sawasawa, juu ukilipa "kodi" tupu bila kusema gani, utakuya kugombana mwaka kesho kutwa juu ya makuta yenye ulilipa kweli. Agent mwenye anasema "unipe tu nitakupelekea" haijalishi eko na jile ya rangi gani.

Kulipa kidogo-kidogo, ile banaita eshelonema. Hii njo ninaishauriaka batu mingi, na njo batu mingi banaiharibu. Unaandikia risevere, unakubali deni, unaleta kalandrie yako. Siri iko mu wakati: ukienda siku umepokea AMR, uko mutu mwenye anatafuta kulipa, ukienda kisha kontrenti, uko mutu mwenye bamekamata. Barua ni ileile, lakini jibu si moja. Na usiahidi ya kupendeza. Mutu anasema miezi mitatu juu anaona haya kusema kumi, mwezi wa pili anakosa, kalandrie inaanguka, deni yote inarudia siku moja na sasa hakuna mwenye anamuamini. Weka tranche (sehemu ya kila mwezi) yenye unaweza kulipa ata mwezi wa mvua, na uende tayari na bordero ya tranche ya kwanza, inasema kuliko barua.

Reklamasyo. Hii si kilio ya umaskini. Batu banaandika ukurasa mbili juu ya ugonjwa ya mutoto na bei ya unga, inaumiza roho, lakini risevere hana fasi ya kuiweka. Reklamasyo ni ya kosa: hesabu si yenyewe, nilisha lipa, ile nyumba si yangu, kodi haikunihusu ile mwaka. Na preve nyuma. Andika siku ulipokea karatasi, juu delai (muda wa kuandika) inahesabiwa kutoka pale, ukichelewa siku moja haki yako yote inalala. Na usizani kuandika reklamasyo kunasimamisha mambo yenyewe, apana, lomba kwa maandishi kulipisha kusimame kwa ile sehemu unabishia, na ile sehemu hubishii, uilipe. Mutu mwenye analipa sehemu ya kweli na kubishia sehemu ya uongo banamusikilizaka.

Kulomba penalite ipunguzwe ni kitu ingine tena, barua yake peke, usiichanganye na reklamasyo. Apa njo unaweza kueleza matatizo yako. Lakini unaiomba ukiwa umelipa kodi yenyewe. Kwenda kulomba msamaha wa penalite na kodi bado iko mu mufuko yako, ni kama kulomba kiti kwa mutu mwenye umemukalia ku muguu.

Kupatana pembeni. Tusijifanye haikuweko. "Mama, nipe 200, file itapotea." Sitakupigia mahubiri, tuhesabu tu: ni koripsyo, sheria inabapiga bote mbili, weye na yeye, ile ni ya kwanza. Ya pili, file haipoteke, deni iko mu komputa na riba inatembea, ule mutu banamutuma Kolwezi, mwaka kesho anakuya mupya, naye eko na watoto. Kijana ule wa karaji alikuwa amelipa hivyo miaka miwili, na siku konti ilifungwa ile makuta haikuhesabiwa ata franka moja. Ukilinganisha na eshelonema, pembeni njo bei kali kuliko zote.

Na kunyamaza. Ile pia ni njia, njo yenye batu mingi banachagua. Shida yake ni moja: siku ingine mutu mwengine anakuchagulia, na hatakuuliza mwisho wa mwezi ni lini.

Na kama Leta njo inakudai… apana, kama weye njo unaidai Leta?

Hii inaulizwaka sana na benye kuuzisha ma karatasi na ma kiti ku ofisi za Leta. Unaidai Leta, Leta inakudai, mbona tusifute? Kongo iliingia mu OHADA (mapatano ya inchi za Afrika juu ya sheria za biashara) tarehe 12 mwezi wa tisa 2012, na mule iko wazi: bitu vya Leta haikamatwe. Weye banaweza kukubandika sele, weye huwezi kubandika sele ku minister. Artikle 30 ya ile sheria ya kukamata bitu inaacha mulango mumoja, kufuta deni kwa deni, lakini deni yako lazima iwe ya hakika, ya hesabu kamili, na wakati yake ya kulipwa imefika, ni kusema Leta iwe imeikubali ku karatasi. Ata makampuni makubwa ya mine ya apa kwetu yalilalamika miaka na miaka juu ya TVA yenye habarudishiwi, na bale beko na ba avoka ba kujaza basi. So kama uko na faktire tu yenye kashe ya sekretere, usiache kulipa kodi kwa kusema "tutafuta". Tafuta kwanza karatasi ya Leta kukubali deni, kisha njo uandike.

Mama wa Katuba, mwisho wa hesabu

Tulipanga hivi. Moto 420.000, yote, siku ileile, juu pensi haingojei. DGI, kodi yenyewe 1.400.000 ku banki, yote pia, na barua mbili: moja ya kulomba penalite ipunguzwe, ingine ya kulomba kulipa kidogo-kidogo ile yenye itabakia kati ya ile 1.150.000. Alishituka kutoa 1.400.000 mara moja, akasema "si tulipe nusu-nusu na bote?" Apana. Nusu kwa bote inaacha silaha zote juu ya meza. Unalipa kabisa pale silaha inauma, kusudi ibakie ile ya kuongea.

Province, 120.000 ya ile 2%, na reklamasyo juu ya 1.200.000, na fotokopi kumi na mbili za mupangaji. Orijinali ilibakia kwangu, usitoe orijinali ata siku moja, ata kwa agent muzuri.

Inafanya 1.940.000. Mu mufuko yake ikabakia 560.000, akarudisha 400.000 mu simenti juu depo tupu hailipe kodi ya mwaka yenye inakuya, na 160.000 ikangojea tranche ya kwanza.

Na ile konvokasyo ya 300.000, yenye alikuwa anataka kulipa kwanza? Tuliandika barua ya mistari mine: mutuonyeshe sheria yenye kuweka hii taksi, na noti yenye namba ya konti ya banki. Akaipeleka mwenyewe, akasimama pale mpaka bakamupigia kashe ku kopi yake. Ule agent hajapita tena ku depo.

Nilimupa klasere, rangi nyekundu, na ma entekalere, DGI mbele, province nyuma. Tarehe 15 ya mwezi wa pili alirudia na bordero ya tranche ya kwanza. Ilikuwa mu ile sashe ya bleu.